Kisicho na Mnunuzi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nataka kusema jambo ambalo nilishindwa kulisema vizuri muhula uliopita.

Wengi wenu mtakumbuka mdahalo uliofanywa bwaloni siku ya Ijumaa, ambao hoja yake ilikuwa, "Serikali isitumie fedha zake katika takataka za elektroniki." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilisema kwa sauti kubwa, nikataja sumu, nikataja hewa na maji, nikapigiwa makofi. Ndipo msemaji mkuu wa upande wa pili aliposimama na kuuliza swali moja tu: "Ikiwa vitu hivi vina mali ndani yake, wafanyabiashara watavinunua wenyewe. Na ikiwa havina mali, kwa nini Serikali itupe fedha humo wakati kuna vijiji ambavyo bado havina maji safi?" Sikuwa na jibu. Kura zilipohesabiwa tulishindwa, na kwa kweli tulistahili kushindwa.

Leo ninalo jibu. Sikulipata vitabuni kwanza, bali nililipata nyumbani wakati wa likizo, nikiwa na nyundo mkononi.

Kwetu ni Katoro, katika Mkoa wa Geita, mji ambao umekuzwa na dhahabu na biashara. Mjomba wangu hununua chuma chakavu. Ana mizani yake, na vijana wake huzunguka na baiskeli na mikokoteni mitaani na kwenye kambi za wachimbaji wadogo, wakinunua mabati, rimu za baiskeli, pampu zilizokufa na betri za magari. Miaka hii vitu vingine vimeingia katika mizigo yao: simu zilizovunjika, redio, taa za sola ambazo betri zake zimekwisha, chaja, kompyuta, na zile televisheni za zamani ambazo watu huziita za kichogo. Fedha za biashara hii ndizo zilizonunua godoro langu na sanduku langu la shule, kwa hiyo sitaki mtu yeyote afikiri kwamba namdharau mjomba.

Kazi yangu likizo ile ilikuwa kuvunja televisheni. Shingoni mwa kile kioo kikubwa pana koili ya waya wa shaba, na shaba ina bei. Nilipasua kioo kwa nyundo, nikatoa koili, nikaitupa katika gunia la shaba. Waya zilizokuwa zimevikwa plastiki nilizichoma moto nyuma ya banda mpaka plastiki ikaungua ikabaki shaba tupu. Moshi wake ni mweusi na unakaba koo. Bodi, yaani zile mbao nyembamba za kijani zilizojaa njia za shaba, niliziweka kando, kwa kuwa yupo mtu hupita kuzinunua. Jioni palibaki rundo la vioo na unga mweupe uliotoka ndani yake.

"Mjomba," nilimwuliza, "kioo hiki nani hukinunua?"

"Hakuna, mjomba," alinijibu. "Kioo hakina mnunuzi. Kifukie pale nyuma."

Nilichimba shimo karibu na mahindi nikakifukia. Asubuhi yake nilimkuta mdogo wangu wa kike, mwenye miaka minne, amefukua vipande kadhaa. Alikuwa akicheza mchezo ambao watoto wote wa Katoro huucheza, wa kununua dhahabu. Vile vipande vya kioo ndivyo vilikuwa dhahabu yake, na kifuniko cha sufuria ndicho kilikuwa mizani. Mikono yake ilikuwa imejaa ule unga, na kila mara aliilamba ili vipande vimshike vidoleni.

Nilimnawisha mikono. Sikujua kwa hakika nilikuwa namwosha nini. Niliporudi shuleni nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kemia na kumwuliza, na yeye akaniongoza nikasome. Haya ndiyo niliyoyajua.

Kioo cha televisheni ya kichogo, hasa sehemu ya nyuma na shingo, kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi. Televisheni moja kubwa huweza kuwa na kilo nzima ya risasi au zaidi. Kioo kikiwa kizima, risasi hiyo imefungwa ndani yake wala haimdhuru mtu aketiye kutazama. Kikivunjwavunjwa ndipo vumbi lake huingia mikononi, vinywani na udongoni. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo ndio huumia kuliko wote, kwa sababu risasi huharibu ubongo ungali unakua. Mtoto aliyedhuriwa namna hiyo huenda asionyeshe dalili yoyote ya ugonjwa. Atakuja kuonekana baadaye darasani, hashiki masomo, na mwalimu atadhani ni mvivu.

Watu wa machimbo ya dhahabu hatuna ruhusa ya kulifanyia mzaha jambo hili. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nigeria, wachimbaji wadogo walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao, kama wengine kwetu wafanyavyo. Mawe ya huko yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi liliingia katika nyua na vyakula, na watoto wasiopungua 400 walikufa. Wazazi wao walikuwa wakitafuta riziki tu.

Tena kwetu twaijua sumu nyingine, nayo ni zebaki. Kila aliyefika kwenye mwalo, mahali pa kuoshea na kukamatishia dhahabu, amemwona mtu akiishika kwa mikono mitupu na kuichoma juu ya moto. Nchi yetu iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, mkataba wa dunia wa kupunguza matumizi ya zebaki, ambao ulipewa jina la mji wa Japani ulioumizwa na sumu hiyo. Zebaki hiyo hiyo imo, kwa kiasi kidogo, katika taa ndefu za tyubu na katika baadhi ya televisheni bapa na kompyuta za zamani. Basi twajitahidi kuitoa zebaki mwaloni, na huku twaivunja na kuimwaga jalalani.

Sasa nirudi kwenye swali la mpinzani wangu. Je, mali iliyomo haitoshi kuilipia kazi hii yenyewe?

Watu wa Geita wakisikia kwamba ndani ya simu mna dhahabu, macho huwatoka. Ni kweli imo. Bodi za simu zikikusanywa peke yake, tani moja yake ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya machimbo mengi. Lakini tani moja ya simu ni maelfu ya simu, na mtu mmoja atazipata wapi? Japani walijaribu jambo hili mbele ya macho ya dunia. Tangu 2017 hadi 2019 waliwaomba wananchi watoe simu na vyombo vidogo vya umeme ili vitengenezwe medali za michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Zilikusanywa tani zipatazo 79,000, pamoja na simu zaidi ya milioni 6. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32, fedha kilo 3,500 na shaba nyeusi kilo 2,200. Zilitosha kutengeneza medali zipatazo 5,000, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini piga hesabu: mgodi mkubwa wa Geita peke yake hutoa zaidi ya tani 10 za dhahabu kwa mwaka. Yeyote atakayekuja Kahama au Geita kutuambia kwamba takataka za elektroniki ni mgodi mpya wa kututajirisha, na tumwombe kwanza atuonyeshe mahesabu yake.

Kwa hiyo mpinzani wangu alikosea katika jambo moja. Alidhani kwamba kitu ama kina mali, ama hakina. Televisheni ina vyote viwili kwa pamoja. Ina nyama na ina mifupa. Mfanyabiashara hununua nyama, yaani shaba, chuma, alumini na bodi. Mifupa, yaani kioo, plastiki, betri zilizovimba na taa za zebaki, humwachia mwenye nyumba. Simlaumu mfanyabiashara, kwa kuwa akinunua mifupa atafilisika. Lakini kadiri anavyonunua nyama zaidi, ndivyo mifupa inavyozidi kubaki katika nyua zetu. Biashara peke yake haiwezi kutuondolea sumu hii. Huichambua tu, ikabaki sumu tupu.

Hapo ndipo fedha ya Serikali inapotakiwa. Maoni yangu ni haya: Serikali isishindane na mjomba wangu kununua shaba. Serikali inunue kile kisicho na mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba sheria yatosha. Sheria ipo, nayo ni nzuri. Mwaka 2021 zilitolewa Kanuni za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zinamtaka mwenye kukusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizo awe na kibali. Lakini amri haimpi mtu mahali pa kupeleka kioo. Ukimkataza mjomba asikifukie nyuma ya banda, atakifukia usiku. Mjini Accra, nchini Ghana, palikuwa na uwanja mkubwa wa chuma chakavu uitwao Agbogbloshie, ambako vijana walichoma waya mchana na usiku. Mwezi wa Julai 2021 uwanja huo ulivunjwa kwa amri ya wakuu. Kazi haikwisha, wengi waliokuwa wakiifanya walitawanyika na kuendelea nayo mahali pengine, ambako ni vigumu zaidi kuwaona na kuwafundisha.

Sisi wa kanda hii tunao mfano bora kuliko huo. Zamani wachimbaji wadogo waliuza dhahabu vichochoroni, na Serikali ilikuwa ikipoteza mapato kila siku. Vitisho havikufaa kitu. Mwaka 2019 Serikali ilibadili njia: iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, ikafungua masoko ya madini, na lile la Geita likazinduliwa mwezi wa Machi mwaka huo. Mtu akipata dhahabu yake huipeleka mahali panapojulikana, penye mizani ya kweli na bei iliyotangazwa. Dhahabu nyingi ilitoka vichochoroni, kwa sababu ilipata mahali pazuri pa kwenda. Nashauri tufanye vivyo hivyo kwa mifupa ya televisheni. Akiwapo mtu wa kuipima na kuilipia, hata kwa bei ndogo, haitafukiwa.

Najua pia kwamba wazazi wengi hawaiamini miradi. Husema, "Mradi huja na magari na bango, ukaisha bango likabaki." Nawajibu kwa mfano wa hapa Shinyanga. Miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa umekwanguliwa miti hata watu wakauita jangwa. Mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norwe, ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wazee huijua kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche na kuwahimiza watu wapande. Baadaye waligundua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe mpaka kiangazi. Mradi ukaifuata desturi hiyo, na maelfu ya hekta yakarudi kuwa msitu na malisho. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Mradi ulikwisha mwaka 2004, na ngitili zipo mpaka leo, kwa kuwa hazikuwa za mradi, zilikuwa za watu.

Majirani zetu wa Rwanda nao wanafaa kuangaliwa. Malori yapitayo Kahama kwenda Rusumo huingia katika nchi ambayo Serikali yake ilijenga kiwanda cha taka za elektroniki huko Bugesera, chenye uwezo wa kuchakata tani 10,000 kwa mwaka. Haikukiendesha yenyewe, ilikikabidhi kwa kampuni ya Enviroserve, na vikawekwa vituo vya kukusanyia katika wilaya. Vifaa vinavyoweza kutengenezeka hutengenezwa na kutumika tena. Lakini sisemi kwamba sisi nasi tuanze kwa kujenga kiwanda. Kiwanda bila takataka za kutosha ni banda tu. Naona tuanze na mambo manne.

La kwanza, Serikali ianze na stoo zake. Ofisi za Serikali, hospitali na shule za nchi hii zina vifaa vingi mno. Nyuma ya maabara yetu hapa shuleni iko stoo ambayo kila Jumamosi tunafagia mlango wake bila kuingia. Ndani yake mna kompyuta 17, printa 4 na televisheni 2, zote zimekufa, na nyingine zilikufa kabla sisi hatujaingia Kidato cha Kwanza. Mkuu wa Shule hawezi kuzitupa wala kuzitoa, kwa sababu ni mali ya umma na zina utaratibu wake. Nao utaratibu wa kawaida wa vitu chakavu vya Serikali ni mnada, ambapo hupewa mwenye bei ya juu. Mwenye bei ya juu ni yule anayejua kutoa nyama haraka na kutupa mifupa bila gharama. Natoa shauri kwamba vyombo vya elektroniki vya Serikali visiuzwe katika mnada kama viti na meza, bali viende moja kwa moja kwenye mpango huu, kila kimoja na namba yake daftarini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na takataka nazo ni hivyo hivyo.

La pili ni mizani. Hatuna haja ya kujenga vituo vipya. Katika Kishapu na wilaya nyingine zinazolima pamba, vyama vya msingi vya ushirika vina maghala, vina mizani na vina makarani wanaojua kuandika stakabadhi. Msimu wa kununua pamba ukiisha, mizani hiyo hukaa bure kwa miezi mingi. Kwa nini isipime betri na vioo? Wakulima wameizoea na wanajua kuisoma. Huko Geita na Kahama, kituo kiwekwe karibu na soko la madini au mahali pa gulio, ili mtu asifunge safari kwa ajili ya redio moja.

La tatu ni watu. Mjomba wangu na wenzake waandikishwe, wasifukuzwe. Wapewe glovu, miwani na visu vya kuchunia waya, na waya iliyochunwa ilipiwe bei nzuri kuliko iliyochomwa. Nimejaribu mwenyewe kuchuna: inachukua muda mrefu kuliko kuchoma, kwa hiyo bila tofauti ya bei hakuna kijana atakayechuna. Mafundi wa simu nao wahesabiwe, maana ndio wanaofufua kifaa kabla hakijawa taka, na chombo kinachotengenezwa kikatumika miaka mitatu zaidi ni faida kuliko dhahabu yote itakayotolewa ndani yake. Vijana wanaosoma umeme katika chuo cha VETA Shinyanga wangeweza kufundishwa kufungua vyombo kwa bisibisi, bila nyundo.

Katika jambo hili nataka kuonya. Kwetu watu wengi wanajua kutoa dhahabu katika mawe kwa zebaki, na kutoa katika marudio kwa sayanaidi. Siku watakapojifunza kutoa dhahabu katika bodi kwa kuichemsha ndani ya asidi, hawatamngoja mtu. Watafanya katika ndoo, nyuma ya nyumba, na asidi iliyobaki itamwagwa mtaroni. Mpango na uwahi kufika kabla ya maarifa hayo.

La nne ni njia ya kutokea. Hapa kwetu tunavyo viwanda vya kusafisha dhahabu, na kile cha Mwanza kilifunguliwa mwaka 2021. Lakini kusafisha dhahabu ya mchimbaji ni kazi moja, na kuyeyusha bodi zenye madini kumi na zaidi bila kuchafua hewa ni kazi nyingine. Mitambo ya namna hiyo ni michache duniani. Mmojawapo uko Hoboken, nchini Ubelgiji. Kupeleka bodi huko si kama kupeleka dengu. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimamia safari za taka za sumu kati ya nchi na nchi, na tangu Januari 2025 taka zote za elektroniki haziwezi kuvuka mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Mjomba wangu hawezi kuiandikia Ubelgiji akapata ridhaa. Serikali inaweza. Fedha zitakazopatikana kwa bodi hizo zirudi kulipia vioo.

Mtaniuliza, nani atoe fedha zilizopungua? Nadhani si haki mzigo wote umwangukie mkulima anayelipa kodi na hana hata televisheni. Anayeingiza nchini simu na televisheni kwa maelfu naye achangie kidogo kwa kila kimoja, ili kiwe na nauli yake ya mazishi tangu siku ya kuzaliwa. Serikali itie fedha ya kuanzia, na hesabu zisomwe hadharani kila mwaka: kimeingia nini, kimetoka nini, kilo ngapi za kioo zimehifadhiwa na wapi. Mpango usiohesabu kioo chake utajikuta unafanya biashara ya shaba kama wengine.

Mpinzani wangu alitaja vijiji visivyo na maji safi, nami silipuuzi neno lake. Lakini risasi ikishaingia kichwani mwa mtoto na kuharibu, hakuna dawa ya kumrudishia alichopoteza. Fedha ya kuzuia ndiyo fedha pekee tuliyo nayo. Kwa hesabu zilizotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024, dunia ilitoa tani milioni 62 za taka hizi katika mwaka 2022, na hazikufika robo yake zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana. Kwa Afrika haikufika asilimia moja. Sisi hatutoi nyingi kama Ulaya au Marekani, na kwa sababu hiyo hasa kazi yetu ingali nyepesi. Televisheni za kichogo zinakwisha majumbani sasa, katika miaka yetu hii. Kila moja itavunjwa mara moja tu, na mahali itakapovunjiwa ndipo risasi yake itakapobaki.

Kabla Serikali haijafanya lolote, sisi wenyewe tuna la kufanya. Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo tusivunje kioo. Ondoa koili kwa bisibisi ukiweza, nacho kioo kizima kiweke mahali pakavu, mbali na watoto na mahindi. Usichome waya. Betri iliyovimba usiitoboe. Wazazi wetu, simu mbovu zilizo katika makopo na droo msiwape watoto kuchezea. Nao walimu wetu nawaomba kwa heshima waturuhusu sisi wa klabu ya mazingira tuifungue ile stoo Jumamosi moja, tusitoe kitu, tuandike tu orodha kamili ya vilivyomo, na Mkuu wa Shule aipeleke halmashauri. Stoo za namna hiyo ziko katika shule nyingi, na kila shule ikipeleka orodha yake, itajulikana kazi iliyopo ina ukubwa gani.

Mimi mwenyewe nina deni. Lile shimo karibu na mahindi lipo bado. Nimemwandikia mjomba nikamweleza yote, naye amejibu kwamba amelizungushia miiba ili watoto wasifike, na kwamba mwaka huu mahindi hayatapandwa pale. Aliuliza pia swali moja mwishoni mwa barua yake: "Nikikifukua, nikipeleke wapi?"

Natumaini wakubwa wetu watakaosoma gazeti hili watanisaidia kumjibu.